Neno la Kumi na Moja

Mwenye nyumba hakununua mkate asubuhi ile, na hilo peke yake lilitosha kumtia mtu wasiwasi. Mzee yule alikuwa mtu wa mkate mmoja kila siku, wa moto, usiokatwa, na maneno mawili matatu ya hali ya hewa. Leo alisimama mlangoni pa duka, kofia mkononi, akaacha kila mteja ahudumiwe, hata waliofika nyuma yake. Foleni ilipokwisha ndipo akasema, "Binti yangu, nyumba hii nimeamua kuiuza."

Mwoka mikate alikuwa ameshika koleo la kutolea trei. Ndugu zake walimwita Kamanda, na msidhani aliwahi kuvaa gwanda hata siku moja. Walimwita hivyo kwa sababu tangu akiwa mtoto hakujua kuomba. Hata chumvi mezani aliiamuru.

"Unamuuzia nani, Mzee?"

"Kuna yule mwenye duka la saruji na nondo. Anataka ghala. Lakini wewe umekaa hapa siku nyingi na hujanisumbua, nimemwambia anisubiri mpaka mwisho wa mwezi. Ukifikia bei yangu, nyumba ni yako. Usipofikia, naomba usinichukie."

Kamanda aligeuka akaitazama tanuri yake. Mashine ya kukandia unga unaihamisha, trei unazihamisha, mizani unaitia kwapani unaondoka nayo. Tanuri ile ilikuwa ya matofali, imejengwa ndani ya ukuta wenyewe, na alimsimamia mwashi tofali kwa tofali mpaka mwashi akatishia kuacha kazi. Haihamishiki. Ukiing'oa imekuwa kifusi. Kuipoteza ni kuanza upya, na umri wa kuanza upya alishaupita, ingawa ungethubutu kumwambia hivyo ungekiona cha mtema kuni.

"Mwambie huyo wa saruji akatafute ghala pengine," alisema. "Nyumba nainunua mimi."

Mzee alivaa kofia yake akaondoka, na Kamanda akabaki na ahadi tu, maana mkononi hakuwa na kitu. Hela alikuwa nayo, tena alijua iliko. Tatizo ni kwamba ilikuwa imefungiwa ndani ya vichwa vya watu watatu, na mmoja kati ya hao alikuwa haongei naye.

Ngoja hapa tuwekane sawa, maana familia hii ina mambo yake. Marehemu baba yao alikuwa mtunza ghala, na alikuwa hamwamini mtu hata akiwa amelala. Nyumbani alikuwa na kabati la vitu vizuri, sukari, biskuti, maziwa ya unga, na kabati lile lilikuwa na kufuli tatu. Kila mtoto alipewa ufunguo mmoja. Ukitaka biskuti, uwe na wenzako wawili. Mkigombana, mnalala na hamu yenu wote watatu. Watu wengine wangeiita hiyo roho mbaya, lakini wale watoto walikua wakiamini ndivyo mali ya ndugu inavyotunzwa.

Basi baba alipofariki, kiwanja chake kikauzwa, wakakaa chini: Kamanda, mdogo wake wa kiume na kitinda mimba wao. Huyo wa kiume ni fundi simu, hakukanyaga chuo chochote cha uhandisi, lakini mtaa mzima unamwita Injinia. Kitinda mimba ni nesi. Injinia ndiye aliyeleta habari za sarafu za mtandaoni. Soko lilikuwa linapaa, kila kijana kinyozini alikuwa bingwa wa uchumi, na Injinia alieleza kwa mikono yote miwili mpaka Kamanda akasema, "Sawa, lakini asiwepo mtu wa kuigusa peke yake."

Hilo halikuwa gumu. Pochi ya sarafu hizo, ya kwenye simu, hufunguliwa kwa maneno kumi na mawili ya kigeni, yakifuatana kwa mpangilio wake. Maneno ya kawaida tu, ya vitu na wanyama na matunda. Wakagawana manne manne. Mmoja akisoma yake kwenye kioo, wengine wawili wanatazama ukuta. Kisha Injinia akaifuta ile pochi kwenye simu mbele ya macho yao, sarafu zenyewe zikabaki mtandaoni zikingoja maneno, na Kamanda akatoa amri: hakuna kuandika popote. Kichwani tu. Mwenye karatasi ana mwizi.

Wenzenu wanaojua mambo hayo huandika, huchonga hata kwenye chuma. Hawa wakaweka kichwani. Haya.

Mwaka haukugeuka, soko likaanguka. Halikuteleza, lilianguka hasa, na kila asubuhi lilikuwa chini kuliko jana yake. Kamanda akaamuru iuzwe iliyobaki. Injinia akakataa kutoa maneno yake manne, akasema kuuza chini ni ujinga, soko litarudi. Waligombana kwenye duka la mikate, asubuhi, foleni imejaa mpaka nje, na katika hasira zake Kamanda akamwita mwizi. Mwizi wa mali ya marehemu. Alilisema kwa sauti ile ile anayowaitia watu mikate, watu wote wakasikia, na mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni akashusha miwani yake kumtazama Injinia vizuri. Injinia alifungua aproni, maana siku zile alikuwa akimsaidia dada yake asubuhi, akaitundika, akatoka. Hakurudi.

Sasa soko lilikuwa limeanza kunyanyuka. Thamani ilikuwa imerudi mpaka nusu ya walivyoingia, na kila mwenye simu alikuwa na lake la kusema. Wachambuzi wa mitandaoni walirudi kutoka walikojificha. Mmoja alisema shimo tumeshalivuka, mwingine akasema huu ni mtego, wa tatu alisema itapaa kesho na kesho yake akaeleza kuwa alimaanisha kesho nyingine. Kamanda hakuwa na haja nao. Alipiga hesabu zake kwa kidole juu ya unga uliomwagika mezani: ikiuzwa yote, kama ilivyo leo, inatosha bei ya mzee. Ikitolewa hata fungu la mtu mmoja, haitoshi.

Aliufuta unga kwa kiganja, akavua aproni, akaenda kwa mdogo wake.

Banda la Injinia lilikuwa jembamba, lina meza iliyojaa bisibisi ndogondogo na simu zilizopasuliwa matumbo, na benchi la wateja nje. Alikuwa ameinamia kioo cha kukuzia, akichomea kitu. Aliona viatu vya dada yake, vyeupe kwa unga, wala hakuinua kichwa.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Mwenye nyumba anauza. Nahitaji maneno yako."

"Wewe hujambo?"

"Nimekwambia nahitaji maneno yako."

Injinia aliweka chini kifaa chake. Alikuwa amekonda kidogo, na mvi mbili tatu zilikuwa zimetangulia umri wake. "Dada, miaka miwili hujaja hata kuniuliza nimekula nini. Leo umekuja, hata salamu hujamaliza, unaamuru. Siuzi. Imerudi nusu, nusu iliyobaki inarudi."

"Nani kakwambia? Wale wachambuzi wako?"

"Hakuna aliyeniambia. Usipouza, hasara bado hujaila."

"Ala! Basi na tanuri yangu itakuwepo tu, hata ikijazwa saruji!"

"Nisikilize." Aliongea polepole sasa, na ilionekana maneno yale alikuwa amelala nayo siku nyingi. "Mimi ndiye niliyewaingiza. Wewe umenitangaza mwizi. Tukiuza leo, nitakuwa yule aliyepoteza nusu ya mali ya baba, mpaka nife. Ikirudi yote, nitakuwa nimeirudisha. Naomba niachie hilo moja tu."

Kamanda alifunga mkoba wake. Akaondoka. Njiani aliona aibu, kisha hasira ya kuona aibu, kisha akapiga moyo konde. Kesho yake, mikate ilipokwisha, alirudi na kukaa kwenye benchi la wateja.

Na keshokutwa. Na siku iliyofuata. Alikaa wima, mkoba magotini, mkate mmoja umefungwa kwenye karatasi pembeni yake. Wateja wakamzoea. "Simu yako ina tatizo gani, mama?" mmoja alimuuliza. "Simu nzima," alijibu. "Aliyeharibika ni fundi." Injinia aling'ata meno asicheke. Jioni dada mtu alipoondoka, mkate uliachwa juu ya benchi, na ukweli usemwe, Injinia alikuwa akiula.

Aliyemaliza mgomo huo alikuwa Nesi. Alipita hapo akitoka zamu, sare yake imekunjamana, akawakuta mmoja ndani mmoja nje, wamenuna kama watoto. Akasimama katikati.

"Kaka, Dada, nimeshinda nimesimama. Mimi sina nguvu ya kubembeleza watu wazima. Kaka, njoo ufungue tu. Kuuza na kutouza mtaongea tukiwa tumeiona. Dada, na wewe ukifika huko mdomo wako uuchunge. Tumeelewana?"

"Nakuja kufungua," Injinia alisema. "Kufungua tu."

Walikutana siku ya pili yake mchana, kwenye stoo ya unga nyuma ya duka, mlango umefungwa, wamekalia magunia. Injinia alikuja na simu mpya isiyo na kitu. Aliingiza maneno yake manne bila kusita. Nesi akafumba macho, akayataja yake manne kwa mkupuo, kama anayesoma dozi. Ikaja zamu ya Kamanda. Akachukua simu, akaingiza la tisa. Akaingiza la kumi. Kidole kikasimama hewani.

Akaruka akaingiza la kumi na mbili. Akarudi nyuma. Kidole bado hewani.

"Dada?"

"Ngoja."

Wakangoja. Nje mtu aligonga kuulizia mikate, akaondoka.

"Hii simu yako ni mbovu," Kamanda alisema.

"Simu ina ubovu gani?"

"Kioo hakioni kidole changu. Kina unga."

Nesi alikifuta kioo kwa upindo wa sare yake, akamrudishia. Kamanda alikitazama. Alijua neno lake la kwanza, la pili, la nne. La tatu halikuwepo. Alilitafuta kila pembe ya kichwa, akakuta mapengo mahali alipokuwa na hakika kuna kitu. Miaka miwili alikuwa akimlaani mdogo wake kuwa ameifungia mali ya marehemu, na kumbe aliyeifungia ni yeye.

"Nimelisahau," alisema. Sauti ilitoka ndogo, hata yeye hakuitambua.

Injinia alimtazama. Hapo ndipo mtu angeweza kulipiza. Angeweza kusimama, kukung'uta unga kwenye suruali, na kusema neno moja tu alilolisubiri siku zote hizo. Uso wake ulipitia mambo mengi. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na alikuwa anacheka, anacheka mpaka anashika gunia asianguke.

"Mwenye karatasi ana mwizi!" alisema, machozi yanamtoka. "Amri ya Kamanda! Kichwani tu!"

"Cheka," Kamanda alisema, na yeye machozi yalikuwa yakimtoka, ila si ya kicheko. "Cheka ukimaliza uniambie tunafanya nini. Mimi siiachi tanuri yangu."

Injinia alijifuta uso. Alipoongea tena alikuwa fundi, siyo mdogo mtu. "Kuna njia. Maneno haya hayatoki hewani, yana orodha yake inayojulikana, ni elfu mbili na kidogo. Lako moja limo humo. Tunayajaribu moja baada ya jingine, mahali pa kumi na moja, mpaka moja lijibu. Kuna watu wangeiambia kompyuta ifanye. Mimi sijui kuiambia. Tutafanya kwa mkono."

"Yote elfu mbili?"

"Una shughuli nyingine?"

Kwanza walimpa dada mtu orodha aisome, huenda macho yatalikumbuka. Ilikuwa kosa. Alipofika katikati, kila neno lilikuwa lake. "Ni hili! Naapa!" Siyo. "Basi ni hili, na likiwa si hili mniite mbwa." Siyo. Alikuwa na hakika mara tisa, na mara zote tisa simu ikamkatalia, mpaka Nesi akamnyang'anya orodha kwa huruma.

Nesi alisema waanzie mwisho wa orodha, kwa sababu tu watu wote huanzia mwanzo. Kamanda akasema kazi hufanywa kwa utaratibu, wataanzia mwanzo. Unaona? Hata hapo aliamuru.

Basi wakaanza. Kila mchana, mikate ikishakwisha na tanuri ikiwa inapoa, watatu hao walijifungia stoo. Mmoja anasoma neno, mmoja anaingiza, mmoja anapumzisha macho. Simu inakataa. Neno, inakataa. Neno, inakataa. Vidole vya Injinia vilikuwa na wepesi wa kazi yake, lakini hata yeye shingo ilimkaza. Nesi alilala juu ya magunia katikati ya neno, akaamka akaendelea na neno lililofuata.

Kibaya zaidi ni kwamba mara moja moja ilifunguka. Ndiyo, ilifunguka! Mara ya kwanza Kamanda aliruka mpaka akapiga kichwa kwenye rafu. Ndani hamkuwa na kitu. Injinia akaeleza kuwa maneno mengine hukubaliwa, lakini hufungua pochi nyingine, tupu, isiyo ya mtu. Walifungua tupu nyingi sana. Kila mara moyo uliruka, na kila mara uliangushwa, na kila mara mmoja wao alisema, "Haya, linalofuata."

Wiki hiyo soko nalo likayumba. Siku moja liliporomoka kiasi kwamba kinyozi wa jirani alizima redio yake. Kamanda alipiga hesabu, akaona haifiki bei ya mzee, akaketi juu ya gunia. Nilisema hakujua kuomba. Siku hiyo nusura ajue.

"Linarudi?" alimuuliza mdogo wake.

"Soma neno linalofuata," Injinia alisema.

Baada ya siku chache lilikuwa limepanda tena na kupita pale lilipokuwa. Injinia alikuwa ameanza kufika mapema, kabla ya wakati wao. Kwanza alisema amekuja kuchaji simu. Kisha mikono yake ikaonekana kwenye unga. Hakuna aliyesema lolote kuhusu aproni. Ilikuwa imetundikwa pale pale, akaivaa. Wateja wa zamani walimwona, wengine wakampa salamu nusunusu, na mwalimu mstaafu alihesabu chenji yake mara mbili. Injinia aliliona hilo. Kamanda pia aliliona, likamchoma, akajifanya anachochea moto.

Mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja, na mwenye saruji alishapita na futi yake kupima kuta, wakati Nesi, sauti imemkauka, aliposoma neno ambalo kwa lugha yetu ni kobe.

Injinia akaliingiza. Pochi ikafunguka.

Hakuna aliyeruka. Walishazoea tupu. Ni Injinia aliyesogeza simu karibu na macho, kisha mbali, kisha akaiweka juu ya gunia katikati yao taratibu, kana kwamba ingemwagika. Ilikuwa yao. Yote ilikuwepo.

"Kobe!" Kamanda alipiga kelele. "Kobe, Mungu wangu! Nilisema siku ile ile, kobe nitamsahau vipi!"

"Na tungeanzia mwisho," Nesi alisema, "tungemaliza siku ya kwanza."

Walicheka, wakakumbatiana, wakajaa unga mpaka kwenye nyusi. Kisha kicheko kikaisha, maana simu bado ilikuwa pale inawaka, na sasa ilibidi waongee lile lililowaleta.

Kamanda alikuwa ameyapanga maneno yake tangu siku ya kwanza. Alikuwa na hotuba kabisa. Alifungua mdomo, akamwona mdogo wake ameinama, vidole vyake vimevimba kwa kazi ya kumtafutia yeye neno lake, na hotuba ikamkauka.

"Mimi nimeamuru vya kutosha," alisema. "Naitaka nyumba hii, unajua. Bila fungu lako siipati, hilo nalo unajua. Lakini amua wewe. Ukisema tusubiri, nitamwambia mzee nimeshindwa, na sitakununia."

Injinia alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

"Niulize kama itarudi yote," alisema.

"Itarudi yote?"

"Sijui." Ilimtoka kwa shida. "Miaka miwili nimemwambia kila mtu itarudi. Nilikuwa naomba, Dada, siyo kujua. Inaweza kurudi. Inaweza kufika hapa ikageuka ikatuachia mavumbi. Hakuna anayejua, na anayesema anajua anakuuzia kitu." Aligeuza simu kidogo juu ya gunia. "Nikiuza, watu watasema nilipoteza nusu."

"Watasema," Kamanda alijibu. Hakutaka kumdanganya.

Injinia aliangalia ukuta wa pili, ule wa tanuri, uliokuwa bado na joto la asubuhi. Kisha akachukua simu.

"Uza," alisema. "Au ngoja, wewe utakosea. Nitauza mimi."

Mzee alilipwa kabla mwezi haujaisha. Alinunua mkate wake kama kawaida, akasema huenda ikanyesha, na mwenye saruji akaenda kutafuta ghala pengine. Karatasi za nyumba ziliandikwa majina matatu. Kamanda alisema hivyo kwa mwandishi wa hati kwa sauti ya kutopingwa, na safari hii hakuna aliyempinga.

Ningependa kuwaambia hadithi imeishia hapo, lakini soko halina adabu. Miezi michache baadaye lilianza kupanda upya, na safari hii halikusimama. Likafika pale walipoingilia. Likapita. Ilikuwa asubuhi, foleni imejaa mpaka nje, na redio ya kinyozi ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho. Vijana walikuwa wakishangilia barabarani. Mtangazaji alitaja bei, na Injinia, aliyekuwa akivuta trei kutoka tanurini, alisimama nusu ya safari.

Foleni nzima ilijua. Katika mtaa ule hakuna lisilojulikana. Mwalimu mstaafu alishusha miwani yake.

"Kumbe mngesubiri tu," alisema. "Inauma, kijana?"

"Inauma," Injinia alisema. "Inauma sana." Akaivuta trei mpaka mwisho, maana mikate haingoji mtu amalize kuumia.

Kamanda alikuwa amesimama kaunta, mkate wa mwalimu mkononi. Alisubiri mdogo wake aseme neno lile, nilikwambia. Mdogo mtu alikuwa na haki nalo, na dada mtu alikuwa tayari kulimeza. Halikuja. Kilichosikika ni trei ikiwekwa mezani, na mikate ikigeuzwa mmoja mmoja. Kamanda akauweka mkate wa mwalimu chini. Akapanua kifua, akatumia sauti ile ile anayowaitia watu, ile iliyowahi kufika mpaka nje.

"Sikilizeni! Huyu niliwahi kumwita mwizi, hapa hapa, mkiwepo. Hakuiba kitu. Alisema soko litarudi, limerudi. Angeweza kusubiri, akauza ili mimi nibaki na tanuri. Alikuwa sahihi. Mimi nilikosea."

Mwalimu mstaafu alitazama sakafu. Injinia alikuwa amempa dada yake mgongo, kichwa kimeinama juu ya mikate, mabega hayasogei. Kisha akageuka, macho yamemwiva, akanyoosha koleo kuelekea mlangoni, kwa mtu wa mwisho kabisa kwenye foleni.

"Sema tena, Dada," alisema. "Yule wa nyuma hakusikia."

Na Kamanda akasema tena.